Saa ya Marehemu

Inspekta Shubiri aliisukuma saa katikati ya meza, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo, akamwambia kinyozi aanze upya.

"Nimeshaeleza mara ngapi, afande?"

"Eleza kama hujaeleza."

Shubiri halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na wenzake kituoni wakidhani atakasirika, naye akaliacha likae. Mwanamke aliyezeeka kwenye dawati la utapeli wa mtandaoni hatazamiwi kuwa mtamu. Alikwisha kuona watu wakiuziwa magari yasiyokuwepo, viwanja vilivyo katikati ya maji, na wachumba wa picha za kuazima. Kwa kinyozi huyu hakuona jipya lolote. Kesho asubuhi jalada lake lilikuwa linakwenda mahakamani, na mwendesha mashtaka alikwisha kusema kesi imeiva, imebaki kupakuliwa tu.

Kinyozi alipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vyembamba, na shati lake jeupe la kazini lilikuwa limeshika rangi ya sakafu ya rumande.

"Saa niliipata kwenye mnada wa mtandaoni. Niliweka dau, nikashinda, nikalipa kwa njia yao, si pembeni. Kifurushi kikaja saluni. Nikakifungua mbele ya wateja. Nikashika kile kifundo cha pembeni ili niitie ufunguo, kikazunguka tu, hakishiki chochote. Hapo hapo nikajua. Sura ni ile ile, maandishi ni yale yale, lakini ndani mna betri. Takataka ya sokoni. Nikalalamika kwa wenye mnada, wakasema irudishe, nikairudisha. Pesa yangu ikarudi. Nikajua yamekwisha."

"Mwenye saa anasema alikutumia saa ya marehemu mumewe. Wewe ukabaki nayo, ukamrudishia hii."

"Anasema."

"Na saluni kwako tumekuta saa chungu nzima, na vifaa vya kuzifungulia."

"Mbovu zote zile. Nazinunua zimekufa, nazitengeneza jioni. Ndiyo starehe yangu. Sinywi, sivuti."

"Kwa hiyo saa unazijua ndani nje. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kubadilisha saa."

Kinyozi alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Afande, ningekuwa mwizi wa saa, ningeiba kwa heshima. Mama wa watu nisingemrudishia kitu ambacho hata mtoto angekigundua."

Shubiri hakucheka. Utetezi wa ufundi alikwisha kuusikia. Matapeli wengi hujivunia kazi zao. Alikuwa amekwisha kuinuka kumwita askari wa zamu pale kinyozi alipoongeza, kama anayejisemea, "Tena ilifika inatembea."

"Nini kilifika kinatembea?"

"Saa. Nilipofungua boksi, mishale ilikuwa inazunguka. Nikafurahi kijinga, nikasema huyu mama mwema, kaitia ufunguo kabla ya kuifunga. Halafu nikakumbuka kifurushi kilivyozungushwa njiani siku kadhaa."

Shubiri alikaa tena. "Saa ile ya kweli, ukiitia ufunguo, inatembea muda gani?"

"Siku moja na ushei. Ukiisahau leo, kesho jioni imekata."

"Na nani mwingine aliiona inatembea?"

"Wateja wangu."

"Wateja wako," alisema Shubiri, "watasema lolote utakalo, maana ni wewe unayeshika wembe." Akatoka.

Lakini neno lile lilikwisha kumkaa, na likamkera kama punje ya mchele kwenye jino. Alipofika mezani kwake hakufungua jalada. Alimwambia koplo amtafutie zile video mbili za mjane.

Video hizo ndizo zilizompeleka kinyozi rumande. Mlalamikaji, muuguzi mstaafu, alikuwa ameuza saa yake kwa uangalifu ambao Shubiri hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote. Ya kwanza aliiweka kwenye tangazo, saa ikionyeshwa mbele na nyuma. Ya pili ilichukuliwa wiki moja baadaye, siku ya kuituma: saa juu ya meza, saa ndani ya boksi, boksi likizungushiwa utepe, boksi hadi kwenye kaunta ya kampuni ya vifurushi, bila kukatwa hata mara moja. Mwendesha mashtaka alipoiona alisema laiti walalamikaji wote wangekuwa hivi.

"Weka ya tangazo," alisema Shubiri. "Tazama mshale wa sekunde."

Koplo alikodoa macho. "Unazunguka."

"Unazungukaje?"

"Vizuri tu. Unateleza."

"Sasa ya kufunga."

Mikono ya mama ilionekana, yenye mishipa, ikiiweka saa kwenye kitambaa. Uso wake ulikuwa pembeni ya picha, umegeukia dirishani. Mshale wa sekunde ulikuwa unakwenda kwa kudonoa: tik, ukasimama, tik, ukasimama.

"Huu unarukaruka," alisema koplo. Halafu macho yakamtoka. "Afande, hii ndiyo hiyo tuliyonayo kwenye mfuko!"

"Ndiyo hiyo. Iliondoka kwa mama ikiwa hivyo. Kinyozi alipokea betri, akarudisha betri."

Shubiri aliona aibu, na aibu ile ikamgeukia hasira. Video ile ameitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote, kila mara akitafuta mkono wa kinyozi ambaye hayumo, asiitazame saa iliyomo.

"Basi tapeli ni huyu mama," alisema koplo, akiwa tayari amebadili upande. "Katangaza ya kweli, kauza feki."

"Tapeli gani atajipiga video akituma feki, kisha akuletee video mwenyewe, akuambatishie na risiti? Mama anaamini alituma saa ya mumewe. Tumia akili. Saa ilibadilishwa baada ya tangazo, kabla ya kufungwa, ndani ya nyumba yake. Chukua funguo za gari."

*

Mjane aliishi ghorofa ya pili, na mlango ulifunguliwa na mwanawe, kijana fundi umeme, mwenye adabu ya kupokea wageni kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyempeleka mama yake kituoni siku ya kwanza, akamshika mkono ngazi zote. Aliwakaribisha, akasema anakwenda jikoni kuweka chai, wasihangaike kukataa.

Mama alikuwa amekaa upande upande kwenye kiti, mguu wa kushoto umenyooshwa, fimbo mapajani. Nyonga yake ilikuwa imekwisha kazi. Madaktari walisema ikibadilishwa atatembea, isipobadilishwa atamalizia maisha kitandani, na hospitali haibadilishi nyonga kwa huruma. Saa ile ndiyo ingekuwa nyonga mpya. Ukutani marehemu alisimama ndani ya fremu, kavaa sare ya dereva wa treni, mkono mmoja juu ya mlango wa injini, na saa inaonekana.

"Kesho anapelekwa?" aliuliza mama, hata kabla ya salamu kupoa.

"Jalada linakwenda kesho. Ndiyo maana nimekuja, mama, niweke sawa mambo mawili matatu."

"Weka yote. Mimi sina la kuficha. Nilisoma kila kitu kuhusu hawa watu kabla ya kuuza, nikakishika kama dini. Alikuja mmoja anajiita nahodha wa meli, hawezi kuongea kwa simu kwa sababu ya mawimbi, atamtuma binamu yake kuichukua. Nikamwambia binamu aje na baba yake. Akaja mwingine, kwa bahati mbaya katuma pesa kuzidi bei, nimrudishie chenji. Nikamwambia chenji aifuate huko huko pesa ilikokwama. Wa tatu anataka tuuache mnada, tumalizane pembeni, tukwepe makato. Nikamwambia pembeni kuna giza." Aligonga fimbo sakafuni kidogo. "Wote niliwashinda. Akanipata huyu mmoja kwa sababu alikuwa na picha ya mtoto kwenye ukurasa wake. Nilisema mtu aliyempakata bintiye hivi hawezi kuwa mwizi."

Picha hiyo Shubiri aliijua, kila mtu aliijua. Kinyozi kambeba bintiye siku ya kwanza ya shule, wote wawili wanacheka. Mama ndiye aliyetoa maneno, mwanawe akayaandika chini ya picha na kuisambaza: Jihadharini na tapeli huyu. Kufika jioni saluni ilikuwa imevunjwa vioo.

"Baada ya picha za tangazo, saa ilikaa wapi?"

"Kabatini, chumbani kwangu. Sikuigusa."

"Siku ya picha ilikuwa inatembea."

"Si niliitia ufunguo? Nani anunue saa iliyosimama? Marehemu alikuwa anaitia kila asubuhi kabla hajanywa hata maji. Alipofariki ikasimama, nikaiacha. Siku ile ya picha nikaitia, nikalia kama mtoto, nikaapa sitaitia tena."

"Hata siku ya kuifunga?"

"Hata siku hiyo."

Vikombe vililia jikoni, kisha vikanyamaza. Kijana alitokeza mlangoni na sinia mkononi.

"Mama, kumbuka vizuri," alisema kwa upole. "Asubuhi ile si uliizungusha kidogo?"

"Sikuizungusha."

"Labda umesahau tu. Ulikuwa na majonzi."

"Mwanangu, hata kuitazama sikuitazama! Si wewe uliyeshika simu? Nilikwambia wewe ndiye uangalie, mimi nikatazama dirishani mpaka nikamaliza."

Alisema hivyo akimtazama mwanawe kwa kumshangaa tu, kama mzazi anavyoshangaa mtoto akikosea jambo dogo. Shubiri hakupenda alichokuwa anakwenda kufanya. Alimpa ishara koplo, koplo akasogeza simu mbele ya mama na kuiwasha video.

Mama alivaa miwani. Kwa muda mrefu wa kazi yake alikuwa ameshika vifundo vya mikono ya wagonjwa na kuhesabu mapigo yao kwa mshale wa sekunde, hakuhitaji kuelezwa. Alitazama mara moja.

"Inatembea," alisema.

"Inatembea, mama. Na hakuna aliyeitia ufunguo."

"Tena inadonoa. Saa ya mume wangu haidonoi." Aliivua miwani, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya meza. Hakumtazama Shubiri. "Nyumba hii tunaishi watu wawili tu," alisema.

Kijana alikuwa bado amesimama na sinia, chai inamwagika kwenye visahani.

"Lete," alisema mama.

"Mama..."

"Iweke hiyo chai chini, ukalete."

Koplo alimfuata chumbani kwake. Walirudi upesi, maana haikuwa mbali. Ilikuwa nyuma ya redio, imeviringishwa kwenye leso safi. Mama aliipokea, akaisogeza sikioni. Mshale wa sekunde uliteleza bila kukwama.

"Unaitia."

"Kila asubuhi."

"Kama babako."

"Baba alisema ni yangu, mama. Ulikuwepo. Alisema mbele yako."

"Alisema. Na nyonga yangu nayo alisema ni ya nani?"

Kijana alipiga magoti mbele ya mama. "Nilitaka yote mawili. Wewe upate pesa ya hospitali, saa ibaki nyumbani. Niliikuta sokoni inafanana nayo kama pacha. Nikajua huyo mtu ataivaa aringe nayo, basi. Watu wananunua vitu kila siku, hawajui hata walichonunua."

"Na alipojua?"

Kijana alianza kuikunja ile leso.

"Nilikwambia andika kuwa huyu ni tapeli, ukaandika," alisema mama. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomfanya koplo atazame viatu vyake. "Nikakwambia weka picha, ukaweka. Nikakwambia twende polisi, ukaniitia teksi, ukanishika mkono. Vioo vyake vilipovunjwa, ukanisomea habari hapa hapa, na mimi nikasema vizuri. Ulikuwa unaitazama saa inatembea, na mtu amelala chini kwenye saruji."

"Ningefanyaje, mama? Jambo lilikwisha kuwa kubwa. Ningesema nini?" Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anaeleza kitu anachokiamini. "Halafu yule hatumjui. Si mtu wetu."

Mama alimtazama muda, akiwa na saa kiganjani. Mtu aliyekesha kujihadhari na wanunuzi wezi alikuwa amemlea muuzaji mwizi, akampikia, akamfulia, akampa simu ashike. Shubiri alimwona akiyajumlisha hayo yote, akaona hesabu inavyomkata.

"Koplo, mchukue," alisema Shubiri.

"Na mimi nakuja," alisema mama.

"Hakuna haja, mama. Ngazi..."

"Ngazi nazijua mwenyewe."

*

Walimtoa kinyozi rumande, wakampa mkanda wake na kamba za viatu, na Shubiri akamweleza ilivyokuwa. Alieleza kwa ufupi, bila kujipamba, na alipofika mahali pa kusema kwamba yeye mwenyewe alikosea, alisema. Kinyozi alisikiliza huku anajaribu kuingiza kamba kwenye tundu za viatu. Ilikuwa inamkataa.

Mjane alikuwa amesimama kando ya kaunta. Alipewa kiti akakikataa.

"Mwanangu," alianza.

Kinyozi alishtuka kwa neno lile, akainua kichwa.

"Mwanangu, nimekukosea. Nilikutukana mbele ya dunia nzima, na hukuwa na kosa. Nimeifuta ile picha."

"Najua ungeifuta." Kinyozi alisema kwa adabu, na ile adabu ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Lakini mama, iko kwa watu wengine. Mke wangu alikuja kuniona jana. Binti yangu hataki tena shule. Wenzake wamemwambia acheke tena kama kwenye picha ya baba yake mwizi."

Mama alifumba macho.

Shubiri akafanya kazi yake. Alivuta karatasi. Angependa kuuliza swali hili chemba, lakini mama alikuwa hasogei, na sheria haikumpa sababu ya kumsogeza.

"Malalamiko ya mama yamekufa," alimwambia kinyozi. "Mwenye kudhulumiwa sasa ni wewe. Uliuziwa bandia, ukasingiziwa, ukafungiwa ndani bila hatia. Kijana yuko chumba cha pili, amekiri. Ukifungua shauri, nampeleka mbele leo leo. Ukisema pesa yako ilikwisha kurudi na unataka kwenda nyumbani, hakuna atakayekulaumu, na pengine anatoka na onyo. Yote yanategemea neno lako."

Mama hakuomba. Shubiri alitegemea angeomba. Wote huomba, hupiga magoti, hutaja kaburi la baba. Huyu alisimama tu, amekaza fimbo, na jasho la maumivu linamtoka kwenye mpaka wa kilemba. Macho ndiyo yaliyokuwa yanaomba, naye aliyateremsha chini alipojua yanaonekana.

Kinyozi aliiacha kamba ya kiatu. Alimtazama mama kwa muda mrefu, bila chuki, kama anavyomtazama mteja anayeuliza bei.

"Mama, nikuulize. Tuseme leo ningekutwa mimi ndiye mwenye kosa. Mke wangu akaja hapa, akasimama mbele yako hivi ulivyosimama wewe. Ungeniachia?"

Angeweza kusema ndiyo. Hapakuwa na mtu wa kumpinga. Shubiri aliliona jibu likimfikia mama mdomoni, akaona alivyolirudisha ndani.

"Hapana," alisema mama. "Nisingekuachia."

Kinyozi aliinamisha kichwa, kama aliyerudishiwa kitu chake.

"Andika, afande," alisema.